Lisimame Kwanza

Lilikuja limelala.
Kabwe alilifunga kwa mipira juu ya guta,
akalisukuma kutoka Mwanga hadi Gungu
akipaza sauti, "Pisheni! Pisheni mgonjwa!"
na mimi nyuma, nimeshika risiti
kama cheti cha ubatizo.

Fundi hakuja. Alipiga simu:
"Limelazwa? Basi msiliwashe.
Mafuta yamelipanda kichwani.
Lisimame kwanza, hadi kesho."
Nikacheka. Hata mimi yangenipanda
kwa barabara ile.

Basi likasimama.
Usiku kucha sebuleni, jeupe, kimya,
kama mgeni aliyekataa kiti.
Watoto walikula wakilitazama.
Severina alilifungua mara tisa, nilihesabu,
akiingiza kichwa kunusa upya,
harufu ya viatu vya Krismasi.
Mimi nikalifuta kwa maji ya ndimu
rafu kwa rafu,
hata ile droo ya mboga, isiyo na mboga.

Miaka kumi na minne nauza mgebuka Kibirizi.
Najua chumvi. Najua moshi.
Najua samaki wa saa nne anavyokutazama
na wa saa nane asivyokutazama tena.
Mnunuzi naye anajua: hukaa kivulini,
anachokonoa meno, anasubiri nichoke.
Sanduku hili nimelinunua kwa fedha za kikoba
na kwa hasira ya zile saa nane.

Asubuhi kilinda umeme kikapepesa nyekundu,
tukangoja, ikawa kijani,
na tumboni mwake kitu kikakohoa,
kikaguna, kikaanza kusaga taratibu.
Severina akapiga makofi.
Mimi nikaenda kutazama luku.

Cha kwanza tuliweka maji, kikombe cha bati.
Cha pili, simu:
Dismas alitaka kujua kama taa ya ndani
huzimika kweli mlango ukifungwa.
Akaiwasha irekodi, akaifungia baridini.
Kisha tukatazama, vichwa vitatu juu ya kioo kimoja:
mwanga, kiganja chake, mlango,
giza.
Na ndani ya giza, kwa mbali, kama watu wa nyumba nyingine,
sisi, tukicheka.
Sikujua kwamba huwa tunacheka hivyo.

Jioni mgebuka mmoja alibaki.
Zamani ningemfunika kwa sahani
nimvushe ua hadi kwa Mama Butoyi,
maana asingefika asubuhi.
Sasa angefika.
Nikamweka rafu ya juu, nikafunga,
nikabaki pale pale nimeshika mpini,
nina aibu, na hakuna aliyeniona.

Kabla sijalala, hodi.
Mama Butoyi, na kichupa chake cha dawa ya sukari
alichozoea kukizika katika mtungi wa mchanga mbichi.
"Nasikia umepata baridi," akasema.
Nikakiweka mlangoni, kwenye kishimo cha yai,
kikatulia humo kama kilitagwa.
Nikampa samaki wake.

Sasa kila alfajiri anakuja kabla ya chai.
Hodi moja, hangoji karibu,
anafungua mwenyewe.
Mwanga unamwagika hadi chini ya pazia langu,
nami kitandani, macho nimefumba:
"Funga, shoga, funga!
Uniti zinakimbia!"