Wapangaji

Alikuja kabla daktari wa nyama hajafungua sanduku la mihuri,
mrefu, shuka imelowa umande hadi kiunoni,
mkononi chupa ya chai, ile ya maua mekundu.
Nikamwambia, mimina basi, vidole vimekufa ganzi.
Akasema: "Mama, ni tupu. Nimekuja unijazie."

Miaka kumi na tisa naosha matumbo hapa Dagoretti.
Nimeombwa nyongo, kwato, pembe za kuchongea vifungo,
nimeombwa hata mkopo.
Sijawahi kuombwa uchafu.

Koinet, ndilo jina lake, akachuchumaa kando ya mfereji.
Ukame umewatoa Kajiado, ng'ombe thelathini na mmoja,
wanalamba ukingo wa Barabara ya Ngong,
nyasi za watu wenye geti na mbwa.
Juzi usiku yule mwekundu, mwenye baka shavuni,
alipenya nyuma ya kinu cha unga Kawangware
akakuta mahindi yamemwagika. Debe zima.
Sasa amelala. Hacheui.
Ukimpiga ubavuni, palikuwa na ngoma, pana ndoo ya maji.
Daktari amemtoa mchachu kwa mpira, amempa magadi,
lakini anasema waliomo wamekufa.

Waliomo nani?

"Vijidudu. Wao ndio wanaokula nyasi.
Ng'ombe anawala wao."

Nikacheka. Halafu sikucheka.
Kila alfajiri nikipasua tumbo kuu
mvuke hupanda, harufu ya majani na pombe changa,
nami huiacha mikono humo kidogo, iote,
na mwenye joto keshaning'inia kwenye ndoano.
Nilidhani ni uhai unachelewa kutoka.
Kumbe mwenye nyumba amekufa
na wapangaji bado wanapika.

Tukachagua dume la Mwingi, lenye nundu,
lililotafuna nyasi kavu hadi siku ya mwisho.
Nikakamua kwa kitambaa: maji ya kijani, mazito, yana povu.
"Haraka, mama. Hewa inawaua."

Kwetu Nyamira, ukizimikiwa na moto
ulikwenda kwa jirani na kigae
ukarudi mbio, ukipuliza kaa njia nzima.
Huu moto mwingine: ukiupuliza, unazimika.
Nikajaza chupa hadi mdomoni,
nisiache hata nafasi ya pumzi, nikakaza kifuniko.

Moja itatosha?
"Daktari alisema lita nane. Nina chupa moja."
Nikatazama chupa yangu mwenyewe,
chai ya maziwa, tangawizi, niliyoiamkia saa nane.
Nikamnywesha kikombe, nikanywa kikombe,
iliyobaki nikawagawia wachunaji.
Msimamizi akapaza sauti, Nyanchama, unauza nini huko?
Siuzi. Nahamisha watu.

Akaondoka na chupa mbili kifuani, chini ya shuka,
kama mtu aliyebeba mapacha,
akarudi, akaondoka tena.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.
Hawakutaja kimo cha mgeni.

Alhamisi akaniletea chupa yangu.
Anacheua?
Hakujibu. Alirefusha shingo,
akapandisha kitu kooni, akafumba macho nusu,
taya kushoto, taya kulia, taya kushoto,
hata wachunaji wakaacha visu wakimtazama.

Chupa nimeichemsha, nimeisugua kwa jivu na ndimu.
Bado inanuka kidogo nikiinamisha.
Nainywea hivyo hivyo.

Usiku ule, kitandani, tumbo langu likanguruma.
Nikabana pumzi,
nisikie ni nani aliyesema.