Pasi Yenye Jogoo

Ilikuwa ya chuma, nzito kama deni,
na kwenye komeo lake jogoo wa shaba asiyewika.
Nyumba yetu ya Ilala: vyumba sita, pasi moja.

Kazi yangu kuibembeza uani,
huku na huko, mpaka makaa yafumbue macho
na cheche zinirukie miguuni.
Wapangaji waliiazima kwa zamu.
Aliyeirudisha, aliirudisha na konzi ya mkaa,
ila Mzee Ngwale, mpishi wa Uzunguni,
yeye alileta kipande cha sabuni kwenye gazeti.

Mama alipuliza majivu, akanyunyiza maji kwa vidole,
akaipitisha pasi juu ya jani la mgomba.
Shati la baba, kaki, la bandarini:
kola kwanza, kisha mikono, kisha mgongo
uliopauka pale magunia yalipolala.

Mwezi mzima alilinyoosha shati lile.
Mwezi mzima baba aliondoka alfajiri,
mstari wa mkono umesimama kama wembe,
akiwasalimu majirani mmoja mmoja, kwa sauti.

Jioni moja nililichukua nikalifue.
Nikalinusa.
Hakuna jasho. Hakuna unyuzi wa katani.
Lilinuka pasi, na pasi tu.
Mama alinitazama kutoka jikoni.
"Lifue," akasema. "Lifue vilevile."

Siku hizi inazuia mlango usibamize.
Jogoo amekatika kichwa.
Wajukuu wanauliza ilikuwa ya nini;
nawaambia, iinueni kwanza.