Bunduki ya Mashoto

Gobore la baba lilizaliwa na bomba la usukani
wa Landrova iliyofia korongoni, chini ya Chipogoro.
Baruti aliipima kwa kizibo cha soda,
na siku kizibo kilipojazwa kwa pupa
unyusi wake wa kulia ulikwenda na moshi,
haukurudi.

Mwaka wa kusalimisha silaha
alilifunga ndani ya gunia la uwele,
akalibeba hadi kituoni kama anayepeleka mgonjwa,
akarudi na karatasi yenye muhuri.
Karatasi haifukuzi ngiri.
Msimu ule ngiri walivuna kabla yetu.

Sasa leseni ninayo. Miezi kumi na moja:
alama za vidole, barua ya mtendaji,
swali la ofisa aliyekuwa akichonga penseli,
"Una hasira za haraka?"
Nilifikiri kwanza ndipo nikajibu.
Nadhani ndiyo maana alisaini.

Fedha ni za zabibu za Hombolo, mavuno mawili,
la pili la mvua mbaya.

Dukani mjini nilikwenda moja kwa moja kwenye kubwa:
mtutu mnene, risasi ndefu kama kidole cha kati,
bunduki ya kumlaza nyati.
Bi Zuhura Suta akaifuta vumbi, hakunipa.
"Nyati wako yuko wapi?"
Sina nyati, mama. Nina ngiri watano wenye adabu mbaya,
swala mmoja kwa mwaka, kibali kikitoka,
na debe bovu la rangi nililolitundika kwenye mgunga
kwa ajili ya Jumapili.
"Basi usinunue mlio," akasema. "Mlio utaulipia kwa bega."

Akanikunja kiwiko, akalaza kitako kwenye kunjo la mkono
kama fundi cherehani apimaye suruali ya shule;
kidole kifike kwenye kifyatuo bila kuomba.
Kilifika.
Nikaipakata. Nikatafuta komeo:
kulia.
Ya pili, nyepesi, ya kubebeka siku nzima:
kulia.
Ya tatu, mti wake unang'aa kama chungwa la Kondoa,
nikaipenda kabla sijaishika:
kulia.

Mimi ni mashoto. Shuleni Mvumi mkono huu ulichapwa
mpaka ukajifunza kukaa mfukoni.
Kumbe kiwandani nako
wapo walimu wale wale.
Gobore halikuwahi kuniuliza mkono.

Ndipo akaitoa nyuma ya mapazia,
fupi, ya kijivu, haina hadithi,
inayovunjika katikati kama muwa.
Unaweka risasi moja. Unafunga. Basi.
Kulia, kushoto, haijui tofauti.
"Wateja huicheka," akasema. "Wanataka tano."
Nikamkumbuka baba:
mlio wa kwanza ni mboga,
wa pili ni wa kuwatangazia majirani kwamba umekosa.

Kwenye machimbo ya kokoto, nyuma ya Ihumwa,
nilihesabu hatua mia. Kilima nyuma ya debe,
mbuzi hakuna, mtu hakuna,
nikahakikisha tena kwamba mtu hakuna.
Upepo wa Julai ulikuja na mchanga wake.
Ya kwanza, vumbi.
Ya pili, vumbi, karibu kidogo.
Risasi ina bei ya kilo ya sukari;
nilikaa chini nikala kipande cha kiporo,
nikaacha moyo ushuke kutoka masikioni.
Mkono wa kushoto ukatoka mfukoni.
Debe likaitika.

Jioni baba aliiweka magotini,
kidole gumba kikitembea juu ya namba za kiwandani,
moja moja, kama anasoma kaburi la mgeni.
"Inatoa moshi kiasi gani?"
Haitoi moshi, baba.
Akanusa mtutu muda mrefu,
hakuamini,
akainua unyusi mmoja aliobaki nao.