Kikapu Kimoja

Sanduku limefika Jumanne kutoka Rotterdam
na mwanetu Radosław kabandika karatasi juu:
"Mama, acheni mafuta. Moyo wa baba."
Basi. Hata salamu hakuweka.

Miaka thelathini na mmoja nilikagua vitambaa
katika kiwanda cha pamba, hapa hapa Łódź,
gora baada ya gora chini ya taa nyeupe,
nikisaka uzi uliomkimbia mwenzake.
Usinisomee, basi, maneno ya kwenye boksi.
Chema chajiuza, kweli; hiki kimetumwa.
Nikatoa miwani, daftari, saa ya jikoni,
nikakiambia: haya, tuonane.

Rangi nyeusi; kinashika alama za vidole.
Waya mfupi; redio imehamishwa.
Sauti: tramu ya usiku ikikata kona.
Kimewashwa kitupu, kikanuka plastiki,
nikafungua dirisha
na theluji ikaingia bila hodi.

Viazi. Gramu mia nne, dakika kumi na nane,
nimevitikisa mara mbili.
Nje vinalia chini ya jino, ndani ni pamba.
Mafuta kijiko kimoja. Kimoja!
Kikaango changu cha chuma kingekunywa kikombe kizima
na kisingesema asante.
Nikaandika nane. Nikafuta. Saba na nusu.
Mkaguzi hatoi nane siku ya kwanza.

Siku ya pili, samaki wa chenga za mkate.
Upepo wa mle ndani ulizipeperusha chenga
zikaganda juu, kwenye koili, zikaungua huko peke yake.
Samaki mwenyewe, sina neno naye.
Ila Lucjan hataki samaki. Lucjan anataka viazi.

Na hapo ndipo penye kasoro.
Viazi vikiwa ndani, samaki anangoja kwenye sinia.
Samaki akiingia, viazi vinapoa mezani,
na Lucjan hali kabla yangu, kakaa tu,
uma mkononi, kama mtu anayengoja jina lake liitwe kwa daktari.
"Kula," namwambia.
"Nakungoja," anasema.
Nimeandika: Hakiwezi kulisha wawili kwa wakati mmoja.
Nimepigia mstari kwa rula.

Kisha kalamu ikasimama.

Yeye alikuwa zamu ya usiku, kwenye mashine za kusokota,
mimi ya asubuhi.
Tulipishana ngazini alfajiri,
yeye akipanda na pamba kwenye nyusi,
mimi nikishuka, kitambaa kichwani, nimechelewa.
Supu yake niliiacha kitandani,
sufuria imeviringwa taulo, juu yake mto,
akalala pale nilipoamka,
akala pale nilipolala.
Jioni nilikuta ya kwangu mahali palepale,
vuguvugu, na kijiko kimeoshwa.
Radosław amekulia kwa watu wawili
aliowaona wakitafuna pamoja Jumapili tu.

Jumamosi nikavunja sheria ya kitabu cha maelekezo:
viazi chini, samaki juu, vyote mle mle,
dakika ishirini na mbili.
Mkia ulikatika. Viazi vya katikati vilitoka vyeupe, vimechemka,
vya pembeni vyeusi.
Lucjan akatafuna, akatazama dari.
"Hivi vimetoka baharini," akasema.
Akachukua vingine.

Kuosha: wavu unakamata kila kitu; tumia mswaki wa zamani.
Umeme: mita sijaiona ikikimbia.
Mtu anayeishi peke yake anunue asisite.

Radosław alipiga simu Jumapili.
"Vipi, Mama?"
Nikamwambia kinapika, ila kikapu ni kidogo.
"Vipo vya vikapu viwili," akasema. "Nitume?"
Nikageuka. Lucjan, mikono ya shati imekunjwa,
alikuwa akikitikisa kikapu kama ungo,
kiazi kimoja kimeruka kiko chini ya jiko
na anakitafuta kwa mguu.

"Ngoja kwanza," nikasema.
"Sijamaliza kukagua."