Mkia Chini ya Taulo

Miaka thelathini na mmoja mama yangu, Nazibrola,
aliwapikia wagonjwa wa Tskaltubo keki na maandazi
kwa mashine kubwa kama ng'ombe wa maziwa.
Nyumbani alikuwa na kisu kimoja tu.
Jozi hukatwa kwa kisu, husema.
Kisu huiuliza jozi. Mashine huiamrisha.

Kisha, Machi ile, damu ikaganda kichwani
na mkono wa kushoto ukawa mgeni mwilini mwake,
mgeni asiyeaga wala kushika kazi.
Mtaalamu wa viungo alimpa mpira wa kufinya.
Ulibingirika chini ya kabati.
Hatukuuokota.

Nikanunua sokoni Kutaisi, kwa lari kumi na moja,
kibakuli cha plastiki, kifuniko, visu vitatu vilivyopinda
na kamba nyeupe yenye kishikio.
Hakina waya, hakina betri.
Unavuta kama mtu anayewasha jenereta,
kamba inarudi ndani yenyewe, krrr,
unavuta tena.
"Mwanasesere," alisema, akageukia dirisha
na theluji isiyoamua kuanguka.

Lakini ilikuwa Desemba thelathini,
na Mwaka Mpya hauingii nyumbani kwetu
kabla ya gozinaki kupoa kwenye ubao.

Bakuli la kwanza nilivuta mimi.
Nilivuta kwa hasira za mwaka mzima, mara hamsini,
nikafungua: jozi hazimo.
Mna uji wa kahawia unaotoa jasho la mafuta.
"Umezitesa," akasema,
"zimekiri hata zisiyoyatenda."
Tukaupaka kwenye biskuti, tukala kimya.
Ulikuwa mtamu kupita kiasi.
Hakuna aliyelisema hilo.

Bakuli la pili aliniondoa kwa kiwiko.
Nishike kibakuli tu, nisiseme neno.
Akaviringa kamba kwenye vidole vya kushoto,
kimoja kimoja, kama anayevivisha pete.
Kamba ikatoka urefu wa ukucha. Ikarudi.
Urefu wa ukucha.
Kisha nusu shibiri.
Mimi nikaitazama sufuria ya asali,
maana kuna mambo hayatazamwi,
hata na mtoto uliyemzaa.
Mara ya saba: krrr, nzima, mpaka mwisho.
Alihesabu kwa sauti ileile ya kuhesabia mayai,
na kwenye kumi na mbili akaacha.
"Zikilia kama kokoto, basi. Zikinyamaza, umechelewa."

Asali ikachemka, tone likaganda kwenye maji baridi,
tukamwaga, tukabonyeza kwa kijiko kilicholowa,
nikakata vipande vya pembe nne, vilivyolala upande.
Vingine vilikuwa na jozi nene kama jino,
vingine vumbi tupu.

Ndipo Guliko wa ghorofa ya tatu akagonga,
na mtungi wa jamu ya cheri mkononi
na pua ya afisa wa forodha.
Mama akatupa taulo juu ya kibakuli.
Akakiweka kisu katikati ya meza,
kikavu, kinang'aa, shahidi wa uongo.

Guliko akatafuna. Akafumba macho.
"Hii ni kazi ya kisu," akasema. "Naijua."
Mama akainamisha kichwa kwa heshima zake zote.
Njia ya mwongo ni fupi;
yetu ilikuwa na urefu wa meza,
kwani chini ya taulo kulining'inia
kamba nyeupe, kama mkia wa panya aliyejificha nusu.

Guliko aliuona. Akafuta vidole.
Akaushika ule mkia, bila haraka,
akavuta.

Krrr.

Hata friji ilikaa kimya.

"Changu," akasema, "ni chekundu.
Nakificha ndani ya oveni."

Mama akacheka.
Upande wa kushoto wa mdomo ulichelewa kidogo,
lakini ulifika.