Wa Tatu

Asubuhi namwaga kahawa juu ya turubali,
na Kabugho, miaka minne na meno ya panya,
anachuchumaa kando yangu. "Nyekundu huku,
kijani kule," namwambia, "na iliyooza mpe kuku."
Kuku hataki. Hilo nalo analijua.

Kutoka mlangoni hadi bombani ni hatua thelathini na moja,
zangu. Zake hazijulikani, maana akipita kumi na mbili
huja kumi na ndizi, kisha kumi na mbuzi,
kisha anacheka mpaka anakaa chini njiani
na kidumu chake cha lita tatu.
Simkemei. Mimi niliikimbia hesabu darasa la nne
kwa ajili ya mwalimu Muhindo,
aliyeuliza saba mara nane huku ameinua fimbo.
Mpaka leo saba mara nane kwangu ni kiganja kinachowaka.

Basi kwetu namba haziji na fimbo.
Zinakuja na soksi ya baba yake inayotafuta mwenzake kambani,
na mihogo minne, watu watatu:
"Huu mmoja tuufanyeje, mama?"
Anaukata kwa macho kabla sijashika kisu.
Zinakuja na maji, toka kikombe kirefu hadi sufuria pana,
na uso wake ukikataa katakata
kwamba ni yale yale.
Tunayarudisha. Tunamimina tena.
Mara ya sita ananyamaza,
kama aliyemfumania mtu akidanganya.

Jumamosi alitoka mtoni Nyamwamba na mawe kwenye sketi,
akayapanga kizingitini:
jeusi kubwa ni baba, la mviringo ni mimi,
lenye mstari mweupe ni Masika, aliye shule ya bweni,
dogo ni yeye.
Akagusa moja moja. Akarudia toka mwanzo.
"Mama, Masika ni msichana wa kwanza."
Ndiyo.
"Mimi Kabugho. Kabugho ni wa tatu."
Ndiyo, ndivyo sisi Wakonzo tunavyoita mabinti.
"Moja," akasema. "Tatu."
Kidole kikabaki hewani, katikati ya mawe mawili.

Hakuna aliyemfundisha kutoa.
Nilikuwa nafua, povu mpaka viwikoni. Nikangoja
aseme kumi na ndizi. Hakusema.

Nikajifuta mikono, nikashuka hadi ukingoni mwa kahawa,
nikaokota jiwe la kijivu, jepesi,
lililoenea kiganja kile kile.
"Huyu ni Biira."
"Yuko wapi?"
"Hayuko. Lakini ni wa pili."

Akalipokea. Akasogeza jiwe lake kulia kidogo,
la Masika kushoto,
akaliweka, akalinyoosha lisiegemee upande wowote.
Kisha akahesabu polepole, bila kuruka:
moja, mbili, tatu.

Halafu akauliza kama Biira anakula mihogo,
maana kila siku hubaki mmoja.