Kwa Gari

Nilikata mpera kwanza.
Wino wa risiti haujakauka, nikamwita Kitwana na panga lake,
nikamwonyesha: litaingia kwa nyuma, hivi,
mlango utafungukia hapa.
Mti uliokuwa ukizaa tangu tuhamie Segerea
ulikuwa chini kabla ya saa nne asubuhi.
Watoto waliokota mapera mabichi, wakayala kwa chumvi.

Hiyo ilikuwa Machi.

Gari lilikuwa Yokohama, au Nagoya,
Mchomvu alisema yote mawili.
Rangi ya fedha, milango mitano,
kikwaruzo kidogo kwenye bampa la nyuma.
Kikwaruzo kile nakijua kuliko kovu la goti langu,
nimekivuta kwa vidole viwili kwenye kioo cha simu
mpaka kikawa mto, mpaka kikawa mpaka wa nchi.
Namba ya chesisi ninayo kichwani.
Naikariri jikoni, maji ya ugali yakichemka.

Aprili, meli iko njiani.
Mei, meli imetia nanga nje, inangoja gati.
Nikapanda feri, sina shida yoyote Kigamboni,
nikazitazame tu zilivyopanga foleni kule mbali
kama wagonjwa mbele ya dirisha la dawa.
Ipi yenye magari? nikamuuliza kijana wa karanga.
Akanionyesha moja, bila kusita hata kidogo.
Nikanunua karanga za mia tano, kwa shukrani.

Juni, saccos wakaanza.
Makato yameanza, gari halijaanza.
Kila mwisho wa mwezi nalipa nauli
ya kiti nisichokikalia.

Na Mchomvu, wakala wangu,
ana kesho nyingi kuliko kalenda.
Kesho ya mfumo uliozima.
Kesho ya ofisa aliyekwenda msibani Kilwa.
Kesho ya fomu iliyojazwa kwa wino mweusi
ilhali ilitakiwa bluu.
Na anasema kwa upole! Upole wa muuguzi mwenye sindano nyuma ya mgongo.
Dada Felista, subira yavuta heri.
Kaka, nikamwambia, mimi upande wangu nimevuta,
viganja vimechubuka.
Hebu tazama huko kwako
kama kamba imefungwa popote.

Mama Hosiana alikuwa akiniuliza kila jioni juu ya ukuta:
Limefika?
Siku hizi haulizi.
Hilo ndilo lililoniuma.
Kisha akaja, mtandio mkononi, akaomba ile nafasi
wapikie pilau ya sendofu ya bintiye,
kwao pamebana. Nikampa.
Masizi ya mafiga bado yapo,
pale tairi la mbele lingekanyaga.

Watoto wa mtaa wamepapa jina.
Tukutane kwa gari, wanaitana.
Mpira wa rede umeingia kwa gari.
Nestori kaanguka kwa gari, katoka damu.
Nasikia nikiwa ndani, na kila mara,
Mungu anisamehe,
moyo unaruka kwenda dirishani.

Mama hasemi kitu.
Ni magoti yake yaliyoagiza gari hili,
apate kwenda kanisani bila kubebwa kama gunia.
Jioni hujikokota na kiti chake cha plastiki,
akakiweka pale, uso getini,
upande wa kushoto, upande wa abiria.
Mkoba mapajani.
Sijawahi kumuuliza.

Juzi nikachukua kiti cha pili,
nikakaa kulia kwake.
Tukalitazama geti. Lina kutu kwenye bawaba, sikuwa nimeona.
Taratibu tu, akasema Mama. Usikimbize.
Sikimbizi, nikasema.

Kitwana akapita na panga.
Dada, kile kisiki cha mpera kinachipua, nikimalizie?
Nikatazama. Vijani vinne, vitano, vyekundu bado.

Kesho, nikamwambia,
na nikaisikia sauti yangu,
upole wake.